Shajara ya mradi: king'ora cha maji ya ngama kwenye boti ndogo

Jumapili. Chanzo cha yote

Alhamisi asubuhi niliikuta boti imekaa chini kuliko kawaida yake. Ule ufito wa rangi unaopita juu kidogo ya mstari wa maji ulikuwa umezama upande wa tezi (nyuma), kama vidole vitatu hivi. Nilipofunua sakafu, maji ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti yanakojikusanya maji, yalikuwa yanagusa mbao kwa chini. Taa nyekundu ya pampu ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, na nilipotega sikio nilisikia pampu ikinguruma chini kwa chini. Nje, kwenye tundu la kutolea maji, hapakuwa na hata tone.

Bana ya mpira ilikuwa imeliwa na kutu ikakatika, mpira ukachomoka kwenye shingo ya pampu. Usiku kucha pampu ilivuta maji ya ngama na kuyamwaga ngamani humo humo, huku betri ikishuka hadi volti 11.8. Maji yenyewe yalikuwa yanaingia kwenye kizibo cha shafti ya rafadha (panga linalosukuma boti), kwani nati yake ilikuwa imelegea. Nilikinga kikombe kwa dakika moja nikapata mililita 150. Kwa macho ni kama bomba la jikoni lisilofungwa sawasawa. Kwa saa 18 tangu nilipoiacha boti, zinakuja lita 162.

Nati nimeikaza, mpira nimeurudisha kwa bana mbili za chuma cha pua. Hiyo ilikuwa kazi ya nusu saa. Kilichoninyima usingizi ni ile taa. Nimeiamini kwa miaka, na kumbe ilichokuwa ikiniambia ni kwamba umeme unafika kwenye pampu, basi. Maji yanakwenda wapi, yako kina gani, taa haijui. Nataka kitu kitakachoyapima maji yenyewe na kupiga kelele yakipita kiasi, pampu iwe inafanya kazi au haifanyi.

Kwa wasioijua boti hii: ni ya faibaglasi, mita 6.5, ina kijichumba upande wa omo (mbele) na injini ya dizeli ndani ya sanduku katikati. Ngama iko chini ya sakafu na haionekani ukiwa kwenye usukani. Matundu yaliyo chini ya maji ni matatu: la shafti, la mhimili wa usukani, na la kuvutia maji ya kupozea injini.

Jumatatu jioni. Mpango

Nimeandika sharti moja tu, kisha mengine yote yakafuata: king'ora kisitegemee kitu chochote ambacho pampu inakitegemea. Swichi yake ya kuelea (inayowashwa na maji yakipanda) iwe yake peke yake, fyuzi yake, na nyaya zake mpaka kwenye betri. Wengi huchukua waya wa king'ora kwenye waya wa pampu kwa sababu uko karibu. Ukifanya hivyo, siku pampu ikikwama na kuunguza fyuzi, king'ora nacho kinakufa hapo hapo, saa ile ile unayokihitaji.

Kiwango cha H-22 cha ABYC, baraza la Marekani linaloandika viwango vya usalama wa boti, kinataka king'ora cha namna hii kwenye boti zenye chumba cha kukaa kilichofunikwa. Yangu inacho. Ingawa hakuna anayenilazimisha, nimekisoma nikaona sababu yake iko wazi: mwenye chumba na sakafu hawezi kuona maji mpaka yamloweshe miguu.

Kuhusu aina ya swichi, nilipima tatu. Za elektroniki hazina kitu kinachocheza, na hilo ni zuri, ila baadhi yake huvurugwa na utando wa mafuta, na ngama ya dizeli haikosi mafuta. Za shinikizo la hewa zinahitaji bomba lisilovuja hata kidogo. Nimechagua ya boya lenye bawaba, kwa sababu moja tu: ninaweza kuinyanyua kwa mkono na kuona inafanya nini.

(Mwenye injini ya petroli azingatie hapa. Chochote cha umeme kinachokaa kwenye chumba cha injini hiyo kiwe cha aina iliyothibitishwa kutowasha mvuke wa petroli. Cheche moja inatosha.)

Jumamosi. Kuipima ngama

Leo sikufunga hata skrubu moja. Nimemimina maji.

Nilifunga nguruzi (kizibo cha tundu la kutolea maji chini ya boti) na kuzima pampu. Nilisimamisha rula kwenye sehemu ya chini kabisa ya ngama, nyuma ya injini, nikaanza kumimina kwa galoni la lita 5 huku mdogo wangu akisoma rula. Swichi ya pampu ilinyanyuka maji yakiwa na kina cha milimita 50, na hapo tulikuwa tumemimina lita 7 tu. Milimita 130 zilichukua lita 46. Yalipogusa mbao, kwenye milimita 240, tulikuwa kwenye lita 160. Kwa maji ya bahari hizo ni kilo 164, uzito wa watu wawili wazima wanaohama ubavu hadi ubavu kila boti inapoyumba.

Kuhama huko ndiko kunakotisha. Mzigo uliofungwa unakaa. Maji yaliyo huru yanakimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi, chombo kikaanza kwenda mrama hata kabla hakijawa na dalili ya kuzama.

Tazama pia jinsi kina na ujazo visivyokwenda sambamba. Ngama ina umbo la V, kwa hiyo kina kikizidi mara mbili, maji yanakuwa karibu mara nne. Ukichungulia kwa tochi ukaona "yameongezeka kidogo tu", huenda yameongezeka sana.

Kisha nikapima pampu. Kibandiko chake kinasema lita 3,000 kwa saa, yaani 50 kwa dakika. Nilikinga ndoo ya lita 10 kwenye tundu la nje na mdogo wangu akashika saa. Ilijaa kwa sekunde 22. Hizo ni lita 27 kwa dakika, nusu na ushei ya kilichoandikwa. Vipimo vya kibandiko hupigwa pampu ikiwa haina mpira wala mlima wa kupanda, lakini yangu inapandisha maji karibu mita 1 kupitia mpira wenye kona mbili.

Hesabu iliyofuata nimeiandika kwa penseli kwenye mlango wa kabati la boti, na nimeiacha hapo. Mpira wa maji ya kupozea injini una uwazi wa milimita 25 na uko sentimita 30 chini ya mstari wa maji. Ukipasuka, maji yanaingia kwa takriban lita 43 kila dakika. Bila pampu, sakafu inalowa kabla dakika 4 hazijaisha. King'ora kikiwekwa milimita 130, kinalia baada ya dakika moja na sekunde chache, nami ninabaki na dakika 2 na nusu za kufunua sanduku na kufunga vali. Pampu ikisaidia, ninapata kama dakika 7. Pampu peke yake haiwezi kuiokoa boti na tundu la namna hiyo. Mkono unaofunga vali ndio unaoiokoa, na mkono hauendi kwenye vali mpaka mtu ajue.

Kwa hiyo urefu wa boya la king'ora umeamuliwa: milimita 130. Chini ya hapo litalia kwa maji ya kawaida ambayo pampu inayamudu. Juu ya hapo ninatupa dakika zangu baharini.

Jumapili. Boya limekaa

Sikutaka kutoboa sakafu ya ngama kwa ajili ya skrubu; kila tundu jipya kwenye faibaglasi ni njia ya maji kupenya ndani ya nyuzi. Nilikata kipande cha plastiki ngumu, nikakipa umbo la pembe, nikakigundisha kwa epoksi kwenye kiambaza cha nyuma ya injini. Kabla ya gundi nilisugua kwa sabuni ya kutoa mafuta, nikafuta kwa asetoni, nikapiga msasa, nikafuta tena. Swichi nimeifunga juu ya pembe hiyo kwa skrubu mbili, ikielekea tezi na omo kwa kufuata mkuku (uti wa chini wa boti), bawaba ikiwa upande wa omo. Ukiiweka kukingama, kila mrama utalitikisa boya.

Nimehakikisha boya linanyanyuka mpaka mwisho bila kugusa mpira wala waya. Nililinyanyua mara 20, nikisikiliza mlio mdogo wa ndani, *tik*, kila linapopita.

Jumanne na Jumatano jioni. Nyaya

Kazi hii nilidhani ni ya jioni moja. Nilipofuata waya wa pampu ili nione njia ya kupitishia wa kwangu, nikakuta kiungio kimelala ngamani, kimefungwa kwa utepe mweusi uliolainika kama ugali. Nilipoukata waya, shaba ya ndani ilikuwa nyeusi. Nikakata sentimita 10 nyuma, bado nyeusi. Nilipokata sentimita 30 ndipo nikakutana na shaba inayong'aa. Maji ya chumvi hupanda ndani ya gamba la waya kama mafuta ya taa kwenye utambi, na huko ndani yanakula bila mtu kuona.

Nilipima: betri volti 12.5, kwenye pampu ikiwa inafanya kazi, volti 10.9. Volti 1.6 zilikuwa zinapotea njiani. Kiwango cha E-11 cha ABYC kinataka upotevu kwa vifaa muhimu usizidi asilimia 3, na hapa ulikuwa karibu 13. Nimebadilisha waya wote wa pampu kwa wa milimita 2.5 za mraba, wa shaba iliyopakwa bati. Sasa pampu inapata volti 12.2, na ndoo ile ile inajaa kwa sekunde 18. Sikuupanga ukarabati huu, lakini pengine ndio uliokuwa na faida kubwa kuliko yote wiki hii.

Waya wa king'ora ni wa milimita 1.5 za mraba. Umeme wake ni mdogo mno, ampea 0.15, hata waya mwembamba ungetosha. Nimechagua huu kwa nguvu ya kustahimili mtikisiko. Waya mzito wa nyuzi nyingi hauvunjiki upesi. Unatoka moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye swichi kuu, ili nikiondoka na kuzima kila kitu, king'ora kibaki macho. Fyuzi ni ya ampea 2, sentimita 15 kutoka kwenye kichwa cha betri. Kiwango kinaruhusu hadi inchi 7, karibu sentimita 18. Ukaribu huo una maana: kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, na kikichubuka kikagusana na hasi, kitawaka moto kabla hujafika.

Swichi ya boya nimeiweka upande wa chanya. Hiyo ina maana waya wenye umeme uko ngamani saa zote, na ukichubuka ndani ya maji ya chumvi, umeme utavujia kwenye vyuma vya boti na kuvila: shafti, rafadha, vali. Dawa yake ni kutokuwa na kiungio chochote huko chini. Nyaya za swichi zinapanda mzima mzima mpaka juu ya usawa wa sakafu, na viungio viko huko, vimebanwa kwa koleo lake na kuvikwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Nilipoupasha, gundi ilichuruzika kidogo kwenye ncha zote mbili, nami sikuondoka kwenye kiungio chochote mpaka nione hivyo. Kisha waya umeachiwa mning'inio mdogo kabla ya kuingia kwenye kiungio, ili tone likiteremka lidondokee hapo.

Alhamisi. Sauti

Nilifunga king'ora kidogo chini ya dashibodi, kile kilichokuja pamoja na swichi. Gatini, injini ikiwa imezimwa, kililia mpaka watu wa boti ya tatu wakageuka. Nikaridhika.

Mdogo wangu hakuridhika. "Kaka, washa injini kwanza."

Nikawasha, nikapandisha mizunguko hadi ile ya safari, yeye akashika usukani nami nikashuka kunyanyua boya. Nililishikilia. Nikasubiri. Nikachungulia: ametazama mbele, ametulia.

"Vipi?"

"Vipi nini? Umeshanyanyua?"

Alikuwa amesimama nusu mita kutoka kwenye king'ora kinacholia. Injini ya dizeli ndani ya sanduku la mbao inameza sauti yoyote nyembamba. Nimekitoa kile na kuweka kingine kikubwa, chenye mlio wa kupanda na kushuka, nacho kimefungwa *juu* ya dashibodi kikimtazama nahodha usoni. Pembeni nimeweka taa nyekundu inayomemeteka, kwa sababu mwenye kofia masikioni kwenye upepo anaweza kukosa hata sauti kubwa. Tulirudia jaribio. Safari hii aliruka.

Kingine cha pili, kisichopenya maji, kimefungwa nje nyuma ya kiambaza cha chumba, kwa ajili ya siku boti iko peke yake gatini. King'ora kinacholia ndani ya boti iliyofungwa hakimwamshi mtu.

Jumamosi. Baharini, na kilio cha uongo

Tulitoka na bahari ya wastani, lita 20 za maji zikiwa ngamani kwa makusudi na pampu imezimwa. Kwenda moja kwa moja, kimya. Nilipokata kona kali, maji yalirundikana upande mmoja, boya likanyanyuka na king'ora kikapiga mlio mfupi. Kona ya pili, tena. Kufika ya tano mdogo wangu alikuwa ameacha kugeuka kuangalia, na hapo nikajua tatizo ni kubwa. King'ora kinachodanganya kinawafundisha watu kukipuuza.

Nilifikiria kulizungushia boya bomba pana lenye vitundu chini, ili maji yaingie polepole. Linafanya kazi, lakini vitundu huziba kwa utelezi na takataka, nami sitaviona. Nimeweka kicheleweshi badala yake: boya likinyanyuka, lazima libaki juu sekunde 6 mfululizo ndipo sauti itoke. Wimbi halikai sekunde 6. Kwa mpira ule uliopasuka, sekunde 6 ni kama lita 4, gharama ninayoikubali. Kicheleweshi hakitumii umeme wowote boya likiwa chini, kwa hiyo hakili betri.

Mchana tulirudia kona zile zile, kali zaidi. Kimya.

Jumapili. Mafuriko ya kutaka wenyewe

Jaribio la mwisho nimelifanya gatini. Nilitoa fyuzi ya pampu, nikazima swichi kuu, nikaweka mpira wa bustani ngamani na kukaa na saa. King'ora kililia kina kikiwa milimita 133. Nilirudisha fyuzi ya pampu, ikavuta, na king'ora kikanyamaza maji yaliposhuka chini ya milimita 115. Pampu iliposimama, maji yaliyobaki kwenye mpira yalirudi chini kwa kishindo kidogo, zaidi ya lita 1. Ni vizuri kuyazoea, usije ukadhani ni uvujaji.

Kitufe cha kujaribia nimekiweka, lakini kitufe kinajaribu sauti na taa tu. Boya linaweza kuwa limegandishwa na mafuta huku kitufe kikilia vizuri kabisa. Kwa hiyo nimefunga uzi mwembamba wa nailoni kwenye ncha ya boya, ukapita kwenye tundu dogo la ubao wa sakafu na kuishia na ushanga. Kabla ya kuwasha injini ninavuta ushanga, ninahesabu mpaka sita, ninasikia, ninauachia. Uzi una ulegevu wa kutosha usilizuie boya kunyanyuka lenyewe.

Wiki ya tano

Simu ya saa kumi na moja alfajiri, jirani wa gatini: "Ndugu yangu, boti yako inalia."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kupenya kwenye mfuniko wa sanduku la injini. Nilifika nikakuta ngama ina milimita 140, pampu imetulia kimya, fyuzi nzima, betri imejaa. Kipande cha kamba ya zamani, urefu wa kiganja, kilikuwa kimejisokota juu ya boya la pampu na kulibana chini. Nilikivuta, pampu ikaruka ikaanza kazi, na baada ya kama nusu dakika king'ora kikanyamaza.

Kamba nimeitupa, swichi ya pampu nimeiwekea kizimba cha wavu, na mfuniko wa injini umepata mpira mpya wa kuziba. Nikiwa nimeshapiga magoti hapo, nilikinga kikombe chini ya shafti kwa dakika nzima. Hakukudondoka kitu.